Sura ya Tisa: Tupa! Usitupe!

Mwanamume mwenye mama mmoja na mpenzi mmoja asijidanganye kwamba ana raha ya kuchagua. Mpole alilijua hilo asubuhi ile, alipokuwa amesimama gatini na kamba ya boti mkononi akipokea abiria, moyo wake ukienda mbio kama cherehani ya mama yake msimu wa sare za shule.

Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuja. Alivaa kofia pana ya jua ambayo Mpole hakuwahi kuiona, amekumbatia mkoba kifuani, na anazikanyaga mbao za gati kana kwamba kila ubao umemkosea. Alipomfikia mwanawe akamtazama kama mtu anayemtazama karani wa dirishani.

"Shikamoo," Mpole akasema.

"Marahaba, kijana. Ndiyo boti yenyewe hii?"

"Ndiyo hii, ma... Ndiyo hii. Angalia mguu wako hapo."

Mpango ulikuwa wa mama, tangu jana mezani. Mpole alikuwa amemwambia kwamba Jumapili angemleta nyumbani mwanamke anayetaka kumwoa. Mama akaweka kijiko chini. Jumapili ni mbali, akasema, na mtu akijua anaangaliwa haonekani. Yeye angekwenda kesho yake, akate tiketi kama abiria wengine, amwone huyo nahodha akiwa kazini.

"Mama, basi angalau nimdokeze."

"Ukimdokeza, Jumapili asije. Na mimi kwao kuposa siendi maisha yangu yote." Kisha sauti ikamlainika, ikawa mbaya zaidi. "Watu wananisema, baba. Wanasema mwanao anaamriwa na mwanamke mchana kutwa. Vuta kamba, anavuta. Piga deki, anapiga. Sikukulea peke yangu ili ukawe tarishi wa mtu. Toa hivi vyombo."

Mpole akainuka akatoa vyombo. Mama hakuona kichekesho chochote, na Mpole mwenyewe hakukiona mpaka alipokuwa jikoni anaosha sahani.

Sasa mama alikuwa amekaa kwenye benchi la boti, chini ya turubai, na Nahodha akatoka ofisini na ndoo ya barafu mkono mmoja, kapu la mishipi mkono mwingine. Kila mtu pale gatini alimwita Nahodha, hata baba yake aliyemwachia boti magoti yalipomshinda. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani kuzuia jua. Suruali yake ya kazi ilikuwa imefumuka pindo, akaishona mwenyewe kwa mshipi wa kuvulia. Mpole akaliona jicho la mama yake likishuka hadi kwenye pindo lile na kuweka kambi. Fundi wa nguo haanzi na uso.

"Pokea," Nahodha akasema, akimpa ndoo. Vidole vyao vikagusana kwenye mpini, vikachelewa kuachana. Akasogea, akapunguza sauti. "Nimepata kitambaa cha gauni la Jumapili. Nimechukua cha samawati, lakini roho haijatulia. Mama yako anapenda rangi gani?"

Nyuma ya mgongo wa Nahodha, ile kofia pana ilikuwa imeinamia upande wao.

"Rangi yoyote."

"Hakuna mwanamke anayependa rangi yoyote. Niambie bwana, nisije nikajikwaa mlangoni. Mwenzako nafanya mazoezi ya kumwamkia mbele ya kioo. Unacheka?"

"Sicheki."

"Leo una nini? Uso umekusawajika."

"Usingizi tu."

Akamtazama. Nahodha alikuwa na macho ambayo yakikutulia unasahau ulichokuwa umeshika, na Mpole kwa miezi mingi alikuwa ameangusha vitu vingi kwa ajili ya macho yale. Hapo ndipo pa kusema. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ingeishia pale pale gatini kama angekuwa na ujasiri wa kumeza fedheha moja ndogo. Lakini mama akakohoa, kile kikohozi cha tangu utotoni kilichomaanisha "kaa kitako", na ulimi wa Mpole ukanata.

Abiria wengine walikuwa bwana harusi na bibi harusi waliooana wiki ile, wameshikana kama gundi. Nahodha akawasimamia mbele.

"Karibuni sana. Mimi ndiye nahodha, na huyu ni baharia wangu, Mpole kwa jina na kwa tabia." Mama akakohoa tena. "Tukiwa majini neno la mwisho ni langu. Si ubabe, ni usalama. Bwana harusi, hayo mafuta ya jua uliyojipaka ni sumu kwa matumbawe. Kitambaa hiki, maji yale, jifute. Nitakupa shati la mikono mirefu."

"Mimi ndiye niliyempaka," bibi harusi akasema kwa aibu.

"Basi mfute wewe, atafurahi zaidi. Na huo mkate?"

"Tulitaka kuwarushia samaki."

"Mkate ubaki ofisini. Samaki wakizoea kulishwa wanaacha kazi yao ya kula mwani, na mwani ukiachwa unaufunika mwamba mzima. Jambo la mwisho: kule mwambani hatutii nanga, tunafunga kamba kwenye boya. Nanga ni ya mchangani. Kaka yangu wa tumbo moja alitia nanga juu ya matumbawe kwa uvivu wa kulitafuta boya. Nilimshusha kazini siku hiyo hiyo. Siku hizi anaendesha lori."

Alilisema kwa kucheka na wageni wakacheka. Mpole hakucheka, kwa sababu alikuwapo siku ile. Damu ni nzito kuliko maji, na Nahodha alipomfukuza kaka yake alikwenda nyuma ya stoo ya majaketi ya kuokolea akalia mpaka akakosa pumzi. Mpole alimfuata na kikombe cha maji, akasimama tu. Nahodha akaegemeza paji la uso begani kwake. Tangu saa ile kila mmoja alijua.

*

Walisimama kwanza kwenye mchanga, mbali na mwamba, mahali panaporuhusiwa kuvua. Mpole akashusha nanga taratibu, akagawa mishipi yenye ndoana zilizosagwa kijino ili samaki atoke bila kuchanika. Mama, ambaye samaki maisha yake yote alikutana naye kwenye kikaango, akapokea wake kwa ncha za vidole.

Bahari haina adabu. Maharusi walivua maji tu. Mama akavutwa hadi akasimama.

"Nimempata! Jamani, nimempata! Baba, njoo unishike!"

Mpole akaruka kumshika kiunoni. Bahati njema mama wengi humwita kijana yeyote baba, na Nahodha hakushtuka. Likatoka chewa zima, nene, la madoa ya kahawia, mdomo wazi kama mtu aliyeshtukizwa bafuni. Mama akawa anapiga kelele za furaha ambazo Mpole hakuwahi kuzisikia nyumbani kwao.

Nahodha akailowesha mikono, akamlaza samaki kwenye ubao wenye maji, akampima kwa jicho. "Hongera mama, mkono wako una bahati. Lakini huyu anarudi."

"Anarudi wapi?"

"Kwake."

"Kwake ndiyo kwangu. Si nimemvua mimi?"

"Wadogo tunawarudisha wakue. Wakubwa hivi tunawarudisha kwa sababu ndio wazazi wa mwamba. Tunachukua wa katikati."

"Binti, mimi nimezaa na nimelea, na hakuna aliyewahi kuniambia rudisha."

Maharusi wakaangua kicheko. Mpole akakaza macho kwenye mbao za sakafu, akiomba zifunguke. Nahodha yeye hakucheka wala hakukasirika. Akampigia magoti yule mgeni mkorofi.

"Basi mrudishe wewe mwenyewe, mama. Lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unamwondoa ute mwilini, anakuja kuugua. Hivyo. Sasa mshike chini ya tumbo, usimminye."

Akamshika viganja, vikazama vyote majini, mikono minne na samaki mmoja. Wakangoja. Chewa akalala kama mgonjwa, akapumua, akapumua tena, kisha akajitikisa na kutoweka kwenye buluu. Mama akabaki ameinama, akitazama mahali alipopotelea.

"Amekwenda," akasema polepole.

"Amekwenda. Na wewe ndiye uliyemwachia."

Nahodha akainua macho, yakakutana na ya Mpole juu ya ile kofia, na akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Matumaini yakamwingia Mpole kama maji ya moto kifuani. Labda yote yangekwisha salama. Labda mama angeshuka gatini, avue kofia, aseme "binti, mimi ndiye mama yake", wacheke, yaishe.

Walipokuwa wakielekea mwambani, mama akahamia kiti cha karibu na usukani. Mpole alikuwa akikunja mishipi nyuma yao, na kila neno lilimfikia.

"Huyu kijana wako anakusikiliza?"

"Mno. Ningependa anisikilize kidogo na aongee zaidi."

"Ni baharia tu, au ni mtu wako?"

"Mama, maswali yako yanatoboa!" Nahodha akacheka, kisha kicheko kikapoa. Wako watu ambao mtu huwafungulia moyo kwa sababu tu atawashusha gatini asiwaone tena. "Ni mtu wangu. Jumapili nakwenda kwa mama yake, na naogopa kuliko ninavyoiogopa bahari."

"Unamwogopea nini? Si mtu kama wengine?"

"Si kama wengine. Amemlea peke yake, kwa cherehani. Mtu aliyefanya kazi hiyo ana haki ya kutomwachia mtoto wake mtu yeyote. Ningekuwa mimi, nisingemwachia."

Mama akageuza uso upande wa maji, akaishusha kofia.

*

Boya la mwambani lilikuwa la rangi ya chungwa, kubwa kama boga, na kazi ya kulinasa ilikuwa ya Mpole. Kila safari Nahodha huzima mashine mbali kidogo ili pangaboi isichafue maji juu ya matumbawe, boti ikateleza yenyewe, na Mpole akiwa omoni, pale mbele ya boti, na fimbo ndefu ya kulabu akaivuta kamba ya boya, akafunga. Alikuwa ameifanya mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuifanya huku anapiga miayo.

Lakini leo, boti ilipoanza kuteleza, mama alisimama ili aone vizuri. Mpole akageuza shingo kumwangalia asije akaanguka. Ni kugeuka kwa kupepesa jicho tu. Aliporudisha uso, boya lilikuwa limeshapita ubavuni. Akachota kwa fimbo, akachota maji.

Mkondo ukaishika boti, ukaanza kuipeleka juu ya mwamba ubavu ubavu. Maji pale yalikuwa meupe, na matumbawe yakaonekana yakija chini yao wazi wazi, ya umbo la meza na matawi na vichwa, kana kwamba yanapanda. Nahodha akawasha mashine, ikakohoa, ikazimika. Bibi harusi akapiga yowe. Mama akaishika nguzo ya turubai kwa mikono miwili, mkoba ukamwanguka.

"Tunagonga! Tupa nanga!" akalia. "Tupa nanga, mwanangu, tutakufa!"

"Usitupe!" Nahodha akapaza sauti kutoka kwenye usukani. "Mpole, usitupe! Mkondo unatupitisha mlangoni!"

Na Mpole alijua. Alijua kwamba mbele kidogo kulikuwa na ule uwazi wa mchanga walioita mlango, na kwamba mkondo huingiza humo kila kitu, majani, magogo na boti. Hata wangekwaruza, maji yale yalikuwa ya kifuani. Alijua yote hayo, na bado nanga ilikuwa tayari mikononi mwake.

"Tupa, baba!"

"Mpole!"

Akatupa.

Kamba ikakazana, boti ikajipinda, ikasimama. Kisha ikaja sauti kutoka chini. Kwa wageni haikuwa kitu, kama sahani iliyodondoka chumba cha pili. Nahodha aliposikia akafumba macho.

Akaja hadi omoni bila haraka. Alipozungumza sauti ilikuwa ya chini kabisa.

"Uliuona mlango ulipo."

"Niliuona."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Kwa nini basi?"

Hapo ndipo mtu husema kweli, si kwa sababu ni mkweli, ila kwa sababu uongo umemwishia. "Mama yangu hajui kuogelea," Mpole akasema.

"Mama yako?"

Nahodha akamgeukia yule mgeni mwenye kofia, mkono wake bado umekumbatia nguzo, akamtazama kuanzia mkoba hadi usoni, na Mpole akaona jinsi alivyokuwa akikumbuka kila neno alilolisema pale kwenye usukani. Damu ikampanda masikioni.

"Shikamoo, mama," akasema. Ile salamu aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo ikatoka imevunjika katikati.

Hakungoja marahaba. Akavaa miwani ya kuzamia, akajitumbukiza.

Bibi harusi akamnong'oneza mumewe kwa sauti iliyosikika na boti nzima, "Kumbe hata baharini kuna mama mkwe."

Mama akaketi. Muda mrefu ulipita. Kwenye boti ile kulikuwa na ndoo yenye kitako cha kioo, ya kuwasaidia wasiozamia waone chini. Akaiona, akaielekeza kwa kidole. "Nipe hiyo."

"Mama, acha."

"Nimesema nipe."

Akainama ubavuni, akaizamisha ndoo, akatazama. Mpole akainama karibu naye. Chini kulikuwa na tumbawe la meza, pana kama kitanda, ambalo Nahodha alipenda kusema lilikuwapo tangu yeye anavaa sare ya shule. Upande mmoja ulikuwa umekatika. Ndani ya ule mpasuko palikuwa peupe kama mfupa, na samaki wadogo waliokuwa wakiishi kivulini walikuwa wakizunguka hawajui pa kuingia. Nahodha alikuwa ameilaza nanga mchangani. Akaviokota vipande kimoja kimoja, akavibana kwenye nyufa za mwamba vikiwa wima, vile vinavyoota, ili huenda vingine vishike uhai. Akapanda juu kuvuta pumzi, akashuka tena. Hakuwatazama.

"Vitashika?" mama akauliza ndani ya ndoo.

"Vingine. Si vyote."

"Na hicho kilichobaki?"

"Kitapona, polepole. Pengine wewe na mimi hatutakiona kikiwa kizima."

Mama akaitoa ndoo majini. Mashine ikakubali kuwaka, naye akaipakata ndoo mpaka gatini.

*

Baada ya maharusi kuondoka, Nahodha alikaa kwenye kigogo nje ya ofisi, beseni la maji baridi mbele yake, akisuuza miwani na mirija ya kupumulia. Mpole akaja akasimama upande wa pili wa beseni. Ingekuwa siku nyingine angechuchumaa, waoshe pamoja, magoti yakigusana.

"Unajua nitakalosema," Nahodha akaanza.

"Najua."

"Kaka yangu nilimfukuza. Mpaka leo mkewe hanisalimii. Wewe nikikubakisha kwa sababu ya..." Akasugua kioo kilichokuwa kimeshang'aa. "Nitaurudia vipi mwamba ule? Kesho usije."

"Sawa."

"Sawa? Hivyo tu?" Akaitupa miwani ndani ya beseni, maji yakamrukia usoni. "Nanga naielewa, Mpole. Mtu huogopa. Lakini asubuhi nilikuuliza rangi ya gauni! Alikuwa amekaa pale, na wewe ukanijibu rangi yoyote. Umeniacha nimwage moyo wangu mbele ya mtu aliyekuja kunipima kama samaki kwenye ubao. Umeniaibisha mbele ya mtu mmoja tu duniani niliyetaka anione vizuri."

Kabla Mpole hajafungua kinywa, mlango wa ofisi ukalia na mama akatokea, kofia mkononi, nywele zimemlala upande.

"Binti, usimwonee. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie, na mimi ndiye niliyemwambia atupe. Mwanangu hana kosa, ni mtoto mtiifu tangu..."

"Mama," Mpole akasema. "Nakuomba uniache niseme."

Haikuwa sauti kubwa. Ila mama alinyamaza kama redio iliyokatikiwa umeme, maana tangu amzae hakuwahi kuisikia.

"Huyo mtoto mtiifu ndiye aliyevunja tumbawe," Mpole akaendelea, na jasho likamtoka kwapani, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Nilijua la kufanya. Nahodha, ulikuwa sahihi, na nilijua hata kabla hujasema. Mama, nakupenda, ila hukuwa sahihi, na hilo nalo nililijua. Mikono yangu ilikuwa inangoja tu mtu apige kelele zaidi. Na asubuhi vivyo hivyo. Ulinikohoa nikanyamaza, nikamwacha huyu aumbuke, huyu ambaye nikimwona anashuka ngazi ya ofisi nasahau jina langu. Hiyo si heshima, mama. Ni woga, na kosa hilo ni kubwa kuliko la nanga. Nahodha, nisamehe. Kazi sikuombi."

Mama akaketi kwenye ngazi. Akaizungusha kofia vidoleni, akawa mdogo ghafla, mwanamke aliyechoka kwa jua na chumvi.

"Niliambiwa mwanangu anaamriwa na mwanamke," akasema. "Nikaja kumtafuta huyo mwanamke. Nimemtafuta boti nzima, kumbe alikuwa chini ya hii kofia." Akapangusa pua kwa kiganja. "Uliniambia nina haki ya kutokumwachia mtu yeyote. Maneno yale yamenikaa hapa kooni tangu yalipotoka. Nisamehe, binti. Na suruali hiyo uniletee, pindo lile ni aibu ya taifa."

Nahodha akajizuia. Akajizuia sana, akatazama juu, akatazama beseni, kisha kicheko kikamponyoka kikiwa kimechanganyika na machozi, na akakasirika kwamba kimemponyoka. "Bado nimekasirika," akasema.

"Kasirika tu," Mpole akasema. "Mimi nipo."

"Na kazi huna."

"Sina."

"Sasa huna bosi. Haya, unataka nini?"

Mpole akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akatia mkono majini, uso wake ukawa sawa na wa Nahodha. Maji ya chumvi yalikuwa yamemkauka Nahodha kwenye nyusi, na mstari wa miwani ulikuwa bado mwekundu kwenye paji la uso. Hakuwahi kumwona mzuri namna ile.

"Nataka kukuoa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Nahodha akamgeukia mama. Mama akainua mikono miwili, kofia na yote, kuonyesha hana lake. Akamrudia Mpole, akamtazama mpaka alipotosheka, ndipo akauingiza mkono ndani ya beseni na kuutafuta wake chini ya maji. Ulikuwa mkono wa baridi, wenye sugu za kamba, na ulimbana kwa nguvu kama mtu anayeogopa kupeperushwa.

"Kesho sina baharia," akasema taratibu. "Nitafunga ofisi. Baba yangu atakuwa nyumbani asubuhi. Jumapili ni mbali mno."

Mpole akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena.

"Nije na mimi?" mama akauliza kutoka kwenye ngazi, sauti imekuwa nyembamba.

Nahodha alimtazama Mpole, akingoja.

"Utakuja, mama," Mpole akasema. "Tutakwenda pamoja. Lakini kwa baba yake nitazungumza mimi."

Mama akafungua kinywa. Kijana kujisemea mwenyewe ukweni, mama yake yu hai, ameketi pale pale! Alikuwa na maneno ya kutosha kuwaweka pale mpaka giza liingie, na yote yalimpanda usoni, mtu angeweza kuyasoma. Akamtazama mwanawe. Akautazama ule mkono uliofichwa ndani ya beseni.

"Haya, baba," akasema.